Mguu Usiguse Chini: Baiskeli Yangu na Mlima wa Soni

Nyote mmeniuliza, na kila aliyeuliza ameuliza huku anacheka. Mnaniona nimebeba tenga la samaki kichwani badala ya kulifunga kwenye baiskeli, mnakonyezana. Mmoja wenu, simtaji, amekwenda mpaka kwa mke wangu kumwuliza kama ni kweli nilianguka kwenye kona ya kwanza nikarudishwa na gari la mkaa. Nimechoka. Kaeni niwaeleze mara moja, na atakayeuliza tena nitamwuzia samaki wa juzi.

Chanzo mnakijua. Singano, yule Mshambaa anayeleta viazi na kabichi sokoni, ni mtani wangu, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wateja wako. Siku hiyo alinikuta nafunga tenga langu akasema, "Ninyi Wadigo nguvu zenu zote ziko mdomoni. Mkipanda kichuguu mnasema mmepanda mlima."

Ningenyamaza ingekuwaje? Sikunyamaza. Nikamwambia miguu hii inapeleka samaki Muheza kila siku ya Mungu, jua na mvua, na kwamba nitaupanda huo mlima wao kutoka darajani Mombo mpaka kwenye maporomoko ya Soni, juu ya baiskeli, mguu wangu usiguse chini.

"Ukigusa?" akauliza.

"Ukigusa, baiskeli ni yako."

Soko zima likapiga kelele. Naye akaahidi kwamba nikifika, kila asubuhi kwa mwezi mzima, kabla hajafungua gunia lake, atatangaza watu wasikie kuwa Mdigo ni dume. Masharti yakawa hayo. Kushika ukingo kwa mkono inaruhusiwa, kushika mwamba au mti inaruhusiwa, lakini mguu, hapana. Nikamwuliza shahidi nani. Akasema, "Shahidi wako ni imani yako, mtani. Mimi nitakungoja juu." Akatabasamu. Lile tabasamu ningelitazama vizuri, nisingekuwa nasimulia haya.

Mke wangu Mwanahamisi alipopata habari hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa umeweka chungu chetu rehani?" Alikuwa na haki. Samaki wa alfajiri asipofika Muheza kabla ya jua kali ameharibika, na bila baiskeli hafiki. Mtani naye akichukua kitu chako humshtaki popote, si polisi, si kwa kadhi. Utachekwa tu.

CHUMBAGENI HADI MUHEZA

Nilitoka kwetu Chumbageni, hapa Tanga, baada ya sala ya alfajiri. Nilikuwa nimeliacha tenga nyumbani, nimeiosha baiskeli kwa sabuni na ndimu, nimejipangia kuruka Muheza kama upepo na kulala Korogwe.

Kumbe baiskeli ya samaki haioshwi ikatakata. Kabla sijafika nusu ya njia, mama mmoja akatoka migombani na sahani mkononi. "Leo una nini?"

"Leo sina samaki, mama. Nasafiri."

"Mbona nasikia harufu?"

"Ni ya jana."

"Basi nipe wa jana, kwa bei ya jana."

Ilinichukua muda mrefu kumwelewesha, na hakuelewa. Alisema nawaficha samaki kwa ajili ya wateja wa Kihindi mjini Muheza. Mbele kidogo wakanisimamisha watu watatu, na mbele yao mwingine, na yule wa mwisho akanipapasa chini ya kiti kana kwamba samaki aina ya changu angeenea pale. Mbwa wawili walinifuata mpaka nikawatupia maneno ambayo mtu aliyesali asubuhi hapaswi kuyasema.

Muheza kwenyewe ndiyo balaa. Wateja wangu wote walikuwa wamekaa wakinisubiri. Nilipowaambia nakwenda kupanda mlima, walinuna. Mzee mmoja muuza machungwa, mtu ninayemheshimu sana, aliniuliza, "Huko juu wanakula nini kutushinda sisi?" Nikamwambia ni mashindano ya utani. Akatikisa kichwa, akanipa machungwa sita, akasema nikishindwa nisipite njia ile tena. Jua lilikuwa limeshapanda na safari yangu bado.

MUHEZA HADI KOROGWE

Huku nina neno moja tu la kusema, nalo ni pancha.

Ya kwanza niliziba mwenyewe. Ya pili niliziba mwenyewe. Ya tatu solusheni, ile gundi ya viraka, iliniishia, nikaisukuma baiskeli katikati ya mashamba ya mkonge, safu kwa safu, huku na huku mkonge, mpaka unasahau kama Mungu aliumba mmea mwingine. Nikamkuta fundi kando ya kambi ya wakata mkonge, amelala chini ya kibanda. Nikamwamsha kwa adabu.

"Kiraka ninacho," akasema, "solusheni ninayo. Pampu ndiyo imeazimwa."

"Nani kaazima?"

"Fundi mwenzangu."

"Yuko wapi?"

"Korogwe."

Wallahi nilicheka kwa hasira. Nikakaa pale mpaka jioni, nikala machungwa yangu yote sita, hadi mnyapara mmoja aliyekuwa akirudi kwake akapita na pampu yake. Nililala palepale kambini, kwenye mkeka wa watu nisiowajua, na walinilisha ugali na dagaa wasiulize jina langu. Wema wao ulinifariji. Dagaa wao walikuwa na mchanga.

KOROGWE HADI MOMBO

Korogwe niliingia hoteli moja ndogo, ukutani wametundika picha ya Malkia mpya wa Uingereza ametoka kutawazwa, nikaagiza chai na mihogo. Mwenye hoteli akataka kujua niendako. Nikamwambia naupanda mlima wa Soni na nimeapa mguu wangu hautagusa ardhi.

Akaweka birika chini polepole. "Nadhiri?"

"Si nadhiri. Ni ahadi niliyoweka na mtani."

Lakini neno nadhiri lilikwisha kutoka, na likafika jikoni. Mara wakatokea watu. Bibi mmoja akanionyesha goti lake, akataka nikifika juu nimwombee. Kijana wa duka la pili akataka nimwombee apate mke. Nikasema jamani mimi ni mchuuzi wa samaki. Wakasema wachamungu wote husema hivyo. Mwenye hoteli hakunilipisha chai, na nilipong'ang'ania kulipa alikasirika, akasema nataka kumnyima thawabu. Niliondoka pale nimebeba magoti, posa, na kesi moja ya mpaka wa shamba, ambavyo sikuviomba.

Nililala Mombo kwa Mbondei mmoja tunayeuziana naye ndizi. Jioni ile tulikaa uani tukautazama mlima. Kutoka Mombo hauuoni mlima wote, unaona ukuta. Nikamwuliza barabara imepita wapi. Akanionyesha kwa kidole, juu, halafu juu zaidi, halafu akaacha kuonyesha. Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Nilimfikiria Mwanahamisi na chungu chake.

MOMBO KWENDA JUU

Asubuhi nikaanzia darajani, bismillahi, nikakanyaga pedali.

Mwanzo haukuwa mbaya. Barabara ina kokoto lakini imekatwa vizuri, inazunguka na mlima, upande mmoja mwamba, upande mmoja korongo. Nilikwenda kwa kusimama juu ya pedali, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikichoka nashika mizizi ya ukingoni kwa mkono mmoja, naning'inia pale na miguu yangu juu ya pedali, napumua, naanza tena. Nikajiambia, Singano, jiandae kupiga kelele.

Kona ya tatu nikamkuta babu mmoja kavaa koti refu, kasimama katikati ya barabara na mkongojo.

"Onga mshi!" akanisalimu kwa Kishambaa.

Sasa ninyi mnatujua sisi. Mtu aliyelelewa akikutana na mzee hashiki usukani akapita. Hushuka, huegemeza baiskeli, hutoa mkono. Mama yangu alinichapa kwa hilo. Na babu huyu alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo babu!" nikasema huku namzunguka.

"Marahaba. Shuka basi tusalimiane."

"Nina haraka, babu, nisamehe!"

"Hata mkono?"

Nilimwacha nyuma na masikio yananiwaka moto. Nikasikia anasema mtu wa pwani hana adabu. Iliniuma, maana kwa siku ile alisema kweli.

Kona mbili mbele, kina mama wawili watu wazima, mizigo ya kuni chini. "Mwanangu, tutwishe." Kumtwisha mtu mzima mzigo si ombi la kukataa, na wao walikuwa wawili! Nikasema, mama zangu, mguu wangu una kiapo. Mmoja akasema, "Kuni hazitwishwi kwa mguu." Nikapita. Nilikuwa karibu kulia, wallahi, si kwa uchovu. Nikajiuliza mlima huu una nini leo, kila kona ina mzee, kila mzee ana haja na mimi!

Halafu nikasikia harufu ya chakula. Bibi mmoja kakaa juu ya jiwe, chungu cha kande mbele yake kinatoa moshi, vijiko viwili. Akanikaribisha kwa sauti tamu, "Karibu chakula, mgeni." Tumbo langu likaitika kabla yangu. Nikashika tawi, nikaning'inia pale mbele yake, natazama kande, jasho linanidondoka puani.

"Asante bibi, nimeshiba."

"Umeshiba wapi? Njoo. Singano alisema kwa kande utashuka tu."

Akaziba mdomo kwa kiganja.

Loo! Nilimtazama, akanitazama, akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika. Kicheko kikamtoa yote: yule babu ni mjomba wa Singano. Kina mama wale ni shangazi zake. Mshenzi yule hakutegemea mlima unishinde. Alijua mlima hautanishinda. Alitega adabu! Alijua Mdigo anaweza kushinda jabali lakini hawezi kumpita mzee, akapanga ukoo wake barabarani kama mtu anayetega samaki kwa uzio.

Nilikasirika hadi nikapata nguvu mpya. Nikamwambia bibi kande yake inanukia vizuri na amsalimie Singano, nikaachia tawi. Kuanzia hapo, nikaapa, hata kama ataninyooshea mkono babu yangu mzaa baba, sishuki.

LORI NA JENEZA

Juu ya hapo nikakuta lori limekwama kwenye kona, boneti wazi, dereva mikono myeusi kwa grisi. Aliponiona akainuka akaja mbio. "Bwana wa baiskeli! Hebu simama nikwambie, ukifika Soni—"

"Mwambie Singano nimeshajua!" nikamkatiza.

"Singano gani? Bwana, sikiliza—"

Sikusikiliza. Nikapiga kengele yangu, kring kring, nikapita. Akaniita mara mbili tatu. Nikasema moyoni, huyu Singano kajaliwa, hata lori amelipata.

Baada ya muda nikaona mbele yangu watu wanne wanapanda na jeneza.

Nawaambia kama nilivyoona, msinihukumu kabla. Watu wanne tu. Kitambaa cha kijani juu. Hakuna anayeleta tahalili, hakuna msafara nyuma, hakuna kanzu hata moja, suruali za kazi tu. Nikajiuliza, maiti gani ya Kiislamu hii inabebwa na watu wanne, kimya, kama gunia? Nikajijibu mwenyewe. Nikacheka kwa sauti. Singano ametumia wazee, wamemshinda, sasa ametoa turufu. Maana jeneza ndilo hasa, hakuna Mwislamu anayelipita jeneza akiwa juu ya baiskeli. Unashuka, unatia bega, hata hatua saba.

Mwendo wangu ulikuwa mwendo wao. Sikuwapita, nilikwenda nao bega kwa bega, na mdomo wangu haukukaa kimya.

"Watani, mmebeba mikungu mingapi humo?" nikauliza. "Mwambieni marehemu ashuke, apande kwa miguu yake kama wenzake! Au naye ameapa asiguse chini?"

Kijana aliyekuwa nyuma alinitazama, akainamisha uso. Mbele alikuwepo mzee mwenye ndevu chache, shati limeloa, mguu mmoja anauburuta. Akageuza uso chini ya ule mti wa jeneza, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tupokee kidogo. Tumechoka."

"Sishuki, mzee! Kamwambie aliyekutuma, Mdigo hashuki!"

Yule mzee akageuza uso mbele. Akaendelea kupanda. Nami nikakaza pedali, nikawaacha kidogo kidogo, kona moja, kona ya pili, mpaka sikuwaona.

SONI

Nilifika kwenye maporomoko jua likiwa kichwani. Singano alikuwa ukutani mwa daraja anakula peasi. Nilimzunguka mara mbili juu ya baiskeli, ndipo nikashuka, nikakaa chini.

"Mguu?" akauliza.

"Haukugusa. Wallahi haukugusa."

Akanikumbatia. Lazima niseme kweli, alinikumbatia kwa furaha, akasema, "Mdigo ni dume," na watu wa pale wakapiga makofi.

Nikamsukuma. "Wewe ni shetani. Wazee nimekusamehe. Kuni nimekusamehe. Kande nitakuja kuila. Lakini jeneza, Singano! Jeneza halitaniwi njiani hivyo, umepita mpaka."

Akaacha kutafuna. "Jeneza gani?"

"Usijifanye."

"Mtani, mimi nimeweka mjomba, shangazi zangu, na bibi. Jeneza gani?"

Nikamweleza. Watu wanne, kitambaa cha kijani, mzee anayeburuta mguu. Na lori. Kadiri nilivyoeleza ndivyo sauti yangu ilivyokuwa ikipungua. Mtu mmoja pale akasema kuna kijana wa kijiji cha hapo chini aliyekuwa akikata mkonge, anaumwa tangu juzi. Singano alitupa peasi lake korongoni, akaanza kukimbia kuteremka, na watu wote nyuma yake.

Hapo ndipo nilipoelewa dereva alitaka nini. Lori lake ndilo lililoileta maiti mpaka pale likakwama, alitaka nifikishe habari ili watu washuke kupokea. Mimi ndiye niliyekuwa na baiskeli.

Tuliwakuta wamelitua jeneza kando ya barabara, wamekaa. Nilitia bega. Nilibeba kutoka pale mpaka kijijini bila kupokewa, walikuja kunipokea nikakataa, na bado haikunitosha. Nilishika jembe kaburini. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza.

Baada ya maziko yule mzee, baba wa marehemu, akaniita uani kwake. Alikuwa amemshika kuku jike mweupe, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba. Akaniambia, "Hii ni haki yako, mtani. Mtani asipofanya mzaha msibani, maiti huonekana hakuwa na watu. Sisi tulikuwa wanne tu, hata wa kututania hatukuwa naye. Ukaja wewe. Mwanangu alipenda mzaha."

Mnaelewa? Ningepokea kuku, ningesema asante, ningerudi Tanga na baiskeli yangu, na kila asubuhi soko lingeambiwa mimi ni dume. Singano alikuwa kando yangu, akanibonyeza mgongoni nipokee. Nilimwona Mwanahamisi machoni mwangu, nikaona na tenga langu.

Nikasema, "Mzee, sikukutania. Nilidhani ni mchezo wamenipangia. Nilikuwa naiokoa baiskeli yangu."

Kuku akapiga mbawa akatulia.

"Kwa hiyo niliposema tumechoka, hukujua tumechoka kweli."

"Sikutaka kujua, mzee."

"Basi si utani," akasema. "Ni kosa. Na kosa lina faini yake. Lete baiskeli."

Nikaileta. Niliisukuma mpaka mbele yake, nikamshikisha usukani. Hakujua kuishika, aliikamata kama mtu anayekamata mbuzi kwa pembe. Halafu akanitia yule kuku kwapani.

"Huyu simstahili," nikamwambia.

"Kuku ni wa utani, maana wenzangu walicheka kidogo pale njiani, niliwasikia. Baiskeli ni ya kosa. Usinichanganyie hesabu zangu." Akaigusa kengele kwa kidole, ikalia, akashtuka. Kisha akaniuliza, "Na huko juu ulifika bila kuweka mguu chini?"

"Nilifika."

"Hata mara moja haukugusa?"

"Hata mara moja, mzee."

Akanitazama kwa yale macho yake mekundu ya mtu aliyetoka kumzika mwanawe.

"Basi pole sana, mwanangu," akasema.